Breki za Tela la Boti: Hatua za Kupima Kabla ya Kuamua Kuzibadilisha

Mwaka niliohamisha boti yangu kutoka Msasani kwenda Mwanza, niliuteremka mlima Sekenke nikiwa na imani kamili, kwa sababu aliyeniuzia tela alikuwa ameniambia kwamba lina breki, na ni kweli lilikuwa nazo. Katikati ya mteremko nilianza kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Nilipopata sehemu pana ya kuegesha, gurudumu la kushoto lilikuwa linafuka moshi na la kulia lilikuwa baridi kana kwamba halijatoka nyumbani. Breki ya upande mmoja ilikuwa imekamata tangu mbali nyuma, na ya upande wa pili huenda haikuwa imefanya kazi kwa miaka. Niliingia Mwanza nikiwa nimekwisha kuamua kununua breki za diski, na nilikuwa hata nimeanza kuulizia bei, mpaka fundi alipofungua dramu (kile kibweta cha chuma cha mviringo kinachofunika breki ndani ya gurudumu) na kunimwagia mkononi konzi ya kutu na chumvi iliyoganda. Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nauliza ninunue breki gani kabla sijajua tela lina uzito gani, limeundwa kubeba kiasi gani, na ni kitu gani kilichoziua breki za kwanza.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ambao ningepaswa kuufuata wakati ule. Unamlenga mwenye boti ya faiba ya mita 5 hadi 8, anayeivuta kwa pikapu au gari la aina ya Land Cruiser. Matela ya malori yana mifumo ya upepo na taratibu zake, nayo hayahusiki hapa.

Hatua ya kwanza: pata uzito wa kweli

Mwenye boti akiulizwa uzito, mara nyingi hutaja namba aliyoisoma kwenye karatasi ya mtengenezaji, na namba hiyo kwa kawaida ni ya bodi tupu isiyo na mashine, mafuta, betri wala nanga. Tuchukue mfano wa boti ya mita 6.5 ambayo karatasi yake inasema kilo 900. Mashine moja ya stroki nne yenye nguvu farasi 115 huongeza kiasi cha kilo 180. Petroli lita 200 ni karibu kilo 150. Betri mbili, nanga na mnyororo wake, majaketi ya kujiokolea, boksi la barafu, madumu ya maji na vyombo vya kuvulia hufikisha kilo 120 bila mwenyewe kujua. Tela la chuma lililopakwa zinki lina kilo 400 hivi. Jumla ni kilo 1,750, karibu mara mbili ya namba aliyoanza nayo.

Kama boti ni ya zamani, ongeza shaka. Povu lililojazwa chini ya sakafu ili boti isizame hunyonya maji sakafu inapopasuka, na maji hayo hayatoki kwa kufungua kizibo cha nyuma. Boti ya namna hiyo inaweza kuwa na makumi ya kilo, wakati mwingine zaidi ya mia, ambayo hayaonekani kwa macho wala hayamo kwenye karatasi yoyote.

Kwa hiyo nenda kwenye mzani. Si lazima uwe mzani wa barabara kuu, kwani yadi nyingi za vyuma chakavu, maghala ya nafaka na viwanda vya kuchambua pamba vina mizani ya kupimia malori, na wahusika hukubali kukupimia kwa malipo madogo kama huwaharibii foleni. Pima gari na tela kwa pamoja, kisha tenganisha upime tela peke yake likiwa na kila kitu unachosafiri nacho, mafuta yakiwa yamejaa. Baada ya hapo pima uzito unaokaa kwenye ulimi wa tela, yaani sehemu inayokaa juu ya gololi ya gari (lile tufe la chuma la kuvutia tela), kwa kuuning'iniza kwenye mizani ya kupimia magunia. Uzito huo unapaswa kuwa kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote. Ukiwa pungufu ya hapo, tela litayumba mkia barabarani, na hakuna breki itakayoliponya. Dawa yake ni kuisogeza boti mbele au kuhamisha ekseli, nayo ni kazi isiyohitaji kununua kitu.

Hatua ya pili: linganisha uzito huo na namba tatu

Namba ya kwanza ni ya tela lenyewe. Tafuta kibati kilichogongelewa karibu na ulimi au kwenye ekseli, kinachoonyesha uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Matela mengi yaliyotumika Uingereza au Australia huja nacho, ila hufunikwa na rangi, hivyo kwangua taratibu. Kama uzito uliopima umezidi ulioandikwa pale, simamisha mpango wa breki hapohapo. Breki mpya haziongezi uwezo wa ekseli, tairi wala springi. Nimewahi kuona tela la boti lililofungwa breki za gharama kubwa likiwa limesimama kando ya barabara na ekseli iliyopinda, na mwenyewe akiwa bado anazisifia breki zake.

Namba ya pili ni ya gari. Kitabu cha gari hutaja uwezo wa kuvuta wa aina mbili: tela lenye breki na tela lisilo na breki, na tofauti kati ya namba hizo mbili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, kwa mfano, inaruhusiwa kuvuta kilo 3,500 kama tela lina breki, na kilo 750 tu kama halina. Magari mengi yaliyoagizwa yakiwa yametumika Japani huja na kitabu cha Kijapani ambacho mara nyingi hakitaji uwezo wa kuvuta kabisa. Katika hali hiyo tafuta kitabu cha gari la aina na injini hiyohiyo lililouzwa Australia au Afrika Kusini.

Namba ya tatu ni kipimo kinachotumika kisheria katika nchi ambako matela haya hutoka. Ulaya na Australia, tela likizidi kilo 750 ni lazima liwe na breki. Australia huongeza sharti kwamba likizidi kilo 2,000 kila gurudumu liwe na breki, na kuwe na kifaa kinachofunga breki zenyewe tela likichomoka kwenye gari. Marekani kila jimbo lina kiwango chake, na majimbo mengi huanza kwenye kilo 1,360 hivi wakati California huanza kwenye kilo 680. Wanaovuta upande wetu mara nyingi hujitetea kwamba hawajawahi kusimamishwa na trafiki kwa jambo hili. Ni kweli, lakini kiwango cha kilo 750 hakikuwekwa kwa ajili ya trafiki, na hesabu ifuatayo inaonyesha sababu yake.

Chukua gari la kilo 2,200 ambalo peke yake, likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa na lami ikiwa kavu, husimama ndani ya mita 35 tangu mguu unapokanyaga pedeli. Lifungie tela letu la kilo 1,750 lisilo na breki. Tairi za gari bado zina mshiko uleule, ila sasa zinatakiwa kusimamisha kilo 3,950. Umbali wa kusimama unakuwa kama mita 63. Mita 28 zilizoongezeka ni zaidi ya mabasi mawili ya mikoani yaliyopangwa moja nyuma ya jingine, na hiyo ni kwa dereva asiyechelewa kukanyaga, barabara isiyo na mchanga, na tela lisilojikunja pembeni.

Hatua ya tatu: tathmini njia yako na maji yako

Tela linalotoka Kigamboni hadi ufukoni mara mbili kwa mwezi, kilomita 6 za tambarare kwa mwendo wa pikipiki ya mizigo, halina mahitaji sawa na tela linalopanda na kushuka mlima Kitonga. Kwenye tambarare breki hufanya kazi kwa sekunde chache, kisha hupata nafasi ya kupoa. Kwenye mteremko mrefu hupokea joto bila kupumzika. Tela letu la kilo 1,750 likishuka mita 300 kwa wima huachia nishati inayotosha kuchemsha kiasi cha lita 16 za maji ya bomba. Injini ikiwa kwenye gia ya chini hubeba sehemu ya mzigo huo, upepo hubeba kidogo, na kinachobaki huingia kwenye vipande vichache vya chuma ndani ya magurudumu. Kama tela halina breki, joto hilo lote linazifuata breki za gari, na dereva huligundua pale pedeli inapoanza kuzama kama mguu unaokanyaga tope.

Andika, basi, safari zako za mwaka mzima kama zilivyo kweli, na si kama unavyoziota. Ukishusha mlima mrefu hata mara mbili tu kwa mwaka, mlima huo ndio unaopaswa kuamua breki zako.

Halafu kuna maji. Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika ni maji baridi, na dramu inayozamishwa humo huishi muda mrefu kama inakauka vizuri. Bahari ni jambo jingine kabisa. Dramu ni chungu kilichofunikwa: maji ya chumvi huingia kwa urahisi na kutoka kwa shida, chumvi hubaki kwenye springi, kwenye kingo za viatu vya breki (vile vipande vinavyotanuka na kusugua dramu kwa ndani) na kwenye kile kidude cha kurekebishia, kisha unyevu wa pwani huiamsha kila usiku hata tela likiwa limeegeshwa. Tela linalozamishwa baharini kila wiki bila kuoshwa linaweza kukamata viatu ndani ya miezi michache.

Lipo kosa moja ambalo karibu kila mtu hulifanya, nami nimelifanya mara nyingi: kufika ufukoni baada ya safari ndefu na kurudisha tela majini papo hapo kwa sababu maji yanakupwa. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ikiwa ya moto, hewa iliyo ndani imetanuka. Ikizamishwa ghafla, hewa hiyo husinyaa na kuvuta maji kupita kwenye sili, na maji hayo hukaa pamoja na grisi ya beringi mpaka safari ya kurudi. Ngoja nusu saa. Funga kamba, pakia barafu, kunywa madafu.

Hatua ya nne: fungua breki ulizonazo kabla ya kuulizia mpya

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na ndiyo inayookoa pesa nyingi zaidi. Weka vizuizi kwenye magurudumu ya upande mwingine, acha tela likiwa limeungwa kwenye gari, inua kwa jeki chini ya ekseli na uweke stendi imara. Zungusha gurudumu kwa mkono. Likizunguka kwa uhuru, mwambie mtu avute breki ya mkono ya tela taratibu huku wewe ukiendelea kuzungusha, usikilize linaanza kukaza wapi. Rudia upande wa pili. Kama upande mmoja unakaza mapema na mwingine unachelewa au hausikii kabisa, umeipata sababu ya tela kuvutia upande mmoja.

Ondoa dramu. Kama ni ya matela ya Ulaya yenye beringi zilizofungwa moja kwa moja kiwandani, kumbuka kwamba nati kubwa ya katikati hutumika mara moja tu, na katika ekseli nyingi za kampuni ya AL-KO hukazwa kwa Nm 290, nguvu ambayo haipatikani kwa spana ya kawaida na mkono wa kukisia. Nunua nati mpya kabla ya kufungua ya zamani. Usipulize vumbi la ndani kwa kompresa, kwa kuwa pedi za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe kwa maji ya sabuni na ulifute kwa kitambaa cha kutupa.

Sasa tazama kwa utulivu. Viatu vikiwa na nyama ya kutosha, dramu ikiwa haijachimbika, na tatizo likiwa ni springi zilizoliwa na kutu pamoja na viungo vilivyokauka, unahitaji matengenezo tu. Seti ya viatu, springi na nyaya mpya zitalirudisha tela katika hali yake kwa sehemu ndogo ya gharama ya mfumo mpya. Nyaya ndizo wahalifu wa kwanza. Waya huoza ndani ya ganda lake mahali ambapo hapaonekani, huvutika lakini haurudi, na hivyo breki hubaki imekamata. Ndivyo ilivyokuwa kwangu upande wa kushoto.

Upande wa kulia ulikuwa na ugonjwa mwingine, nao unastahili maelezo kwa sababu nimeukuta kwenye matela mengi tangu hapo. Breki za Ulaya hurekebishwa kwanza kwenye dramu yenyewe: unazungusha kigurudumu cha meno kupitia tundu la nyuma mpaka gurudumu lisizunguke, kisha unakilegeza kidogo kidogo mpaka lizunguke kwa uhuru. Fimbo ndefu iliyo chini ya tela hurekebishwa mwisho kabisa, na kazi yake ni kuondoa ulegevu uliobaki tu. Fundi mwenye haraka hufanya kinyume. Viatu vinapolika, yeye hukaza nati ya fimbo mbele, breki ya mkono inakuwa ngumu, mteja anaridhika. Lakini viatu vyenyewe viko mbali na dramu, kipande kinachogawa mvuto kati ya magurudumu mawili kimekaa upande, na ule utaratibu unaoachia breki wakati wa kurudi nyuma unavurugika. Tela langu lilikuwa limekazwa hivyo kwa miaka mpaka uzi wa bolti ukaisha. Tuliporegeza fimbo yote na kuanza upya kwenye dramu, gurudumu la kulia lilianza kushika.

Kama baada ya kufungua unakuta dramu zimetafunika, sahani ya nyuma imetoboka kwa kutu na vipande havitambuliki, basi endelea na hatua inayofuata.

Hatua ya tano: zijue aina za breki na tabia zake

Breki za msukumo zinazotumia nyaya ndizo za kawaida kwenye matela ya Ulaya. Gari linapopunguza mwendo, tela hulisukuma kwa nyuma, ulimi huingia ndani kidogo, na mwendo huo huvuta fimbo na nyaya. Hazihitaji umeme wala kifaa chochote ndani ya gari, hivyo gari lolote lenye gololi inayolingana linaweza kulivuta tela. Hapa niseme jambo la pembeni: gololi ya Ulaya ni milimita 50 na ile ya inchi 2 ya Kimarekani ni milimita 50.8. Kichwa cha tela (kile kinachofunika gololi) cha milimita 50 kinaweza kukaza kwenye gololi ya inchi 2 kikaonekana kimefunga na hakijafunga.

Udhaifu wa breki za msukumo ni kwamba dereva hana mamlaka juu yake. Hawezi kuzishika zenyewe tela linapoyumba. Na kwenye mteremko mrefu, hata ukiwa kwenye gia ya chini na mguu haujagusa pedeli, tela linaliegemea gari muda wote, kwa hiyo breki zake zinasugua muda wote. Zikiwa zimerekebishwa sawasawa hubeba kazi hiyo. Zikiwa zimekamata upande mmoja huungua, kama zangu zilivyoungua.

Breki za msukumo zinazotumia mafuta hufanya kazi kwa kanuni ileile, ila ulimi husukuma masta silinda badala ya kuvuta waya. Ndizo zilizozoeleka kwenye matela ya boti ya Marekani, na huweza kuunganishwa na dramu au diski. Ukitaka kutoka kwenye dramu kwenda diski, usidhani ni kubadilisha vitu vya kwenye magurudumu peke yake. Diski zinahitaji shinikizo kubwa zaidi, kwa hiyo kichwa cha tela lazima kiwe kimeundwa kwa ajili ya diski, na ile valvu ndogo inayobakiza shinikizo kwenye mfumo wa dramu lazima iondolewe, la sivyo pedi zitasugua siku nzima. Pia diski hushika sawasawa mbele na nyuma, hivyo inahitajika valvu ya umeme inayoungwa na taa ya rivasi ili izuie mafuta unaporudi nyuma. Bila hiyo, jaribu kurudisha boti kwenye mwinuko na utaona gari linasukuma ukuta.

Faida ya diski kwa mtu wa baharini ni ya kweli. Hazina chungu cha kutunza maji, mpira wa maji unazifikia zote, pedi hubadilishwa bila kufungua beringi, na zile za chuma kisichoshika kutu hudumu hata kwa mzembe wa kiasi. Rafiki yangu wa Kigamboni amezifunga na hajutii. Lakini kalipa, yaani vibanio vinavyobana pedi kwenye diski, nazo hukamata zikitelekezwa, na kalipa iliyokamata ina joto kali kuliko dramu.

Breki za umeme hutumia sumaku ndani ya dramu na kidhibiti kilichofungwa karibu na usukani. Dereva anaweza kuzipima, kuziongeza, na kuzishika peke yake tela likiyumba. Kwa kuvuta nyumba ya magurudumu au mzigo mkavu ningezichagua bila kusita. Kwa tela linaloingia baharini nazikataa bila kusita vilevile, kwa kuwa sumaku, nyaya na chumvi havikai chungu kimoja.

Mwisho kuna mfumo ambamo pampu ya umeme, iliyofungwa juu mahali pakavu, husukuma mafuta kwenda kwenye breki. Huuzwa katika viwango viwili, psi 1,000 kwa dramu na psi 1,600 kwa diski (psi ni kipimo cha shinikizo). Humpa dereva mamlaka yote na kuiweka sehemu ya umeme mbali na maji, kwa gharama ambayo inaanza kueleweka tela likizidi tani 2 na safari zikiwa na milima.

Hatua ya sita: hakikisha ekseli inakubali

Breki hazining'inizwi hewani. Nyuma ya habu lazima kuwe na flanji (bamba lenye matundu ya bolti) ya kufungia sahani ya dramu au mkono wa kalipa, na matela mengi yaliyoundwa bila breki hayana. Fundi wa kuchomelea anaweza kuiongeza kwenye ekseli ya chuma ya kawaida ikiwa ataipima isimame wima kwa usahihi na kuondoa kwanza beringi na grisi. Kwenye ekseli ambazo springi yake ni raba iliyobanwa ndani ya bomba, usiruhusu mtu akaribie na moto, kwani joto linaua raba na gurudumu hulala upande wiki chache baadaye. Pima pia nafasi ndani ya rimu. Kalipa hutokeza kuliko dramu, na rimu za inchi 13 mara nyingi huigusa.

Hatua ya saba: hesabu bei pamoja na upatikanaji wa vipuri

Kanuni yangu ni rahisi: gharama za kubadilisha zikizidi nusu ya bei ya ekseli nzima yenye breki, nanunua ekseli, kwa sababu napata pia habu, beringi na sili mpya, na ule mjadala wa kuchomelea flanji unakwisha.

Lakini bei ya leo ni nusu ya hesabu. Jiulize kiatu au pedi ya kubadilisha utaipata wapi ukiwa Igunga saa kumi jioni. Wapo wanaounda matela mtaani kwa ekseli ya nyuma ya Hiace, na wajuzi huwacheka. Mimi siwacheki, maadamu ekseli ni nzima na uzito uko ndani ya uwezo wake. Dramu zake zinatumia mafuta, zinaweza kuungwa na kichwa cha tela chenye masta silinda, na viatu vyake vinapatikana Gerezani, Kariakoo, na karibu kila mji wenye stendi ya mabasi madogo. Kasoro yake ni kwamba breki hizo haziachii zenyewe unaporudi nyuma, hivyo ni lazima kichwa kiwe na pini ya kuzuia msukumo, nayo pini hiyo ni lazima ichomolewe kabla ya kurudi barabarani. Wengi wameisahau. Ifunge utepe mwekundu mrefu unaoonekana kwenye kioo cha pembeni.

Kwa upande mwingine, kalipa ya kifahari iliyoagizwa ng'ambo ikipasuka sili yake, tela litakaa juu ya mawe mpaka kifurushi kifike. Ukiichagua, agiza pedi, sili na kalipa moja ya akiba siku hiyohiyo.

Mimi niliishia kukarabati dramu zilezile: nyaya mpya, viatu vipya, springi mpya na nati mbili za katikati. Boti sasa inaishi kwenye maji baridi na tela halijawahi tena kuzidi kilo 1,700. Laiti ningebaki Msasani, na boti ikiwa inashushwa baharini kila Jumamosi, ningechagua diski.

Hatua ya nane: jaribu kabla ya safari, kisha pima joto

Kazi ikikamilika, hakikisha minyororo ya usalama imepishana chini ya ulimi na kebo ya kukatika (inayofunga breki tela likichomoka) imefungwa kwenye gari lenyewe, si kwenye gololi. Kaza nati za magurudumu, na uzikaze tena baada ya kilomita 50. Tafuta barabara tupu, ongeza mwendo hadi kilomita 40 kwa saa, shika breki kwa nguvu mara nne au tano ukiacha nafasi ya kupoa katikati, ili viatu vikae vizuri kwenye dramu. Tela likikuvuta upande mmoja, usiondoke mjini.

Katika safari ya kwanza simama baada ya kilomita 10, kisha 50, kisha 100. Sogeza mgongo wa mkono karibu na habu kabla ya kuigusa, au tumia kipimajoto cha kuelekeza, na uandike joto la kila gurudumu kwenye daftari pamoja na jina la mahali. Vuguvugu pande zote mbili ni sawa. Upande mmoja ukizidi mwenzake kwa tofauti kubwa katika vituo vyote vitatu, inua gurudumu hilo, legeza kigurudumu cha marekebisho meno mawili, endesha kilomita 10 nyingine, kisha pima joto tena.